Mapitio ya Kimfumo Yamekwama: Dalili, Vyanzo na Namna Mkutubi Anavyoweza Kuyakwamua

Ujumbe huja hivi: "Habari za kazi, naomba unitafutie makala zote za vyandarua kwa wajawazito, nafanya mapitio ya kimfumo, nahitaji Ijumaa." Hapo hitilafu tatu zimeshaingia, na hakuna hata moja inayohusu kompyuta. Swali la utafiti halijaulizwa, "zote" haina mipaka, na Ijumaa haitoshi. Matatizo mengi yaliyomo humu hujionyesha kwenye skrini, lakini ukiyafuatilia kinyumenyume unaishia kwenye mazungumzo yaliyorukwa wiki ya kwanza. Ndiyo maana karibu kila mahali naanza na jambo la kumuuliza mtafiti kabla ya kugusa kibodi.

Mwongozo huu ni wa mkutubi wa chuo au hospitali anayeombwa msaada na watafiti wa afya wanaofanya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya na kupima tafiti zote za swali moja kwa utaratibu ulioandikwa. Huna haja ya kuusoma wote. Nenda kwenye dalili uliyo nayo. Mfano ninaoutumia ni mmoja, vyandarua vyenye dawa na dawa ya malaria ya SP (sulfadoxine na pyrimethamine) kwa wajawazito, na hifadhidata ninayoanzia ni PubMed, ya makala za afya, kwa sababu iko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti.

Kabla ya yote: usirekebishe mkakati wa utafutaji, yaani mistari ya maneno inayoandikiwa hifadhidata, juu kwa juu. Nakili ule ulioletwa, uuhifadhi kwenye faili lenye tarehe, kisha fanya kazi kwenye nakala. Baada ya mwezi utaulizwa kwa nini idadi ya matokeo imebadilika, na kumbukumbu ya kichwani haitakubaliwa na mhariri yeyote.

Matokeo ni maelfu kwa maelfu

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Chanzo cha kawaida ni swali lisilobanwa. Mwombe mtafiti aandike sentensi moja inayotaja watu gani, afua gani, ikilinganishwa na nini, na matokeo gani ya kiafya. Akishindwa, tatizo si lako, na hakuna alama ya mabano itakayomwokoa. Mwulize pia kama kweli anahitaji mapitio ya kimfumo. Wengi wanaotaka kujua tu "nini kimeandikwa kuhusu jambo hili" wanahitaji mapitio ya upeo, ambayo yana utaratibu wake na mwongozo wake wa kuripoti, PRISMA-ScR wa mwaka 2018.

Swali likiwa sawa, tazama mabano. PubMed husoma AND na OR kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika bednet* AND pregnan* OR maternal, umeomba vyandarua kwa wajawazito, halafu ukaongeza kila kitu duniani chenye neno maternal. Maneno ya dhana moja yafungwe kwenye mabano yake: bednet* AND (pregnan* OR maternal). Kosa hili hata wazoefu hulifanya wakiwa na haraka, na huonekana mara moja ukiendesha kila mstari peke yake.

Kisha tazama kinyota. Kinyota hukata neno na kukubali mwisho wowote, kwa hiyo kikikaa mapema mno kinazoa takataka. Preg* inaleta wajawazito, ndiyo, lakini inaleta pia pregabalin, dawa ya kifafa na maumivu ya neva. Malar* inaleta malaria na inaleta mfupa wa shavu, ambao wanaanatomia huuita malar. Andika pregnan* na malaria*, na nusu ya kelele itanyamaza.

Chanzo kingine ni maneno yasiyo na lebo. Ukiandika neno tupu, PubMed hulitafsiri yenyewe na kulitafuta kila mahali, pamoja na anwani za waandishi. "Tanzania" isiyo na lebo itakuletea makala ya saratani ya Norway kwa sababu mwandishi wa nne anafanya kazi Dar es Salaam. Fungua ukurasa wa utafutaji wa juu, tazama maelezo ya kila mstari, uone PubMed imeelewa nini. Ukishaona, weka lebo ya [tiab] kwa kichwa na ikisiri, na [mh] kwa vichwa vya mada vya MeSH, kamusi ya maneno rasmi ambayo makala za PubMed huwekewa.

Ukikagua hayo yote na idadi bado ni kubwa, inawezekana mada yenyewe ndiyo kubwa. Basi mpigie mtafiti hesabu: rejea 3,000 kwa dakika moja kila moja ni saa 50, na wachujaji, wanaoamua rejea ipi ibaki na ipi itoke, ni wawili, kila mmoja na saa zake 50. Wengine wakisikia hivyo hurudi wenyewe kulibana swali.

Onyo: usipunguze idadi kwa vichujio vya pembeni. Kichujio cha makala za bure hakina uhusiano wowote na ubora wa ushahidi. Kile cha binadamu hutegemea MeSH, hivyo kinatupa makala mpya ambazo bado hazijawekewa vichwa vya mada. Ukitaka kuondoa tafiti za wanyama, tumia NOT (animals[mh] NOT humans[mh]), ambayo huacha salama makala zisizo na lebo yoyote. Na mtafiti akitaka kuongeza mpaka wa miaka au lugha baada ya kuona matokeo, simama. Uamuzi huo ni wa itifaki, yaani mpango wa mapitio ulioandikwa mwanzoni, na wa msimamizi wa mtafiti, na ukifanyika lazima uandikwe pamoja na sababu.

Matokeo ni kumi na mawili, au sifuri

Mara nyingi kuna AND nyingi mno. Mtafiti ameweka watu, afua, nchi, matokeo ya kiafya na aina ya utafiti, vyote kwa pamoja, na kila AND imekata kipande. Matokeo ya kiafya, kama upungufu wa damu au uzito mdogo wa mtoto, hayatajwi kwenye ikisiri kila mara hata kama yamepimwa. Yaondoe kwenye utafutaji, yaachie wachujaji.

Ukaguzi wa haraka: andika idadi ya matokeo mbele ya kila mstari. Mstari wenye sifuri ndio mkosaji, na kosa lake huwa la kuandika. Word hupenda kupinda alama za kunukuu, na baadhi ya hifadhidata hazizitambui zikiwa zimepinda, kwa hiyo andika mkakati kwenye programu ya maandishi matupu. Angalia pia ujumbe wa PubMed kwamba kifungu ulichokinukuu hakimo kwenye faharasa yake ya vifungu. Ukiuona, alama zako za kunukuu zimepuuzwa. Tangu mwaka 2022 kuna njia ya kuzunguka hilo kwa kutafuta maneno yaliyokaribiana, kwa lebo kama [tiab:~2], ila hapo kinyota hakifanyi kazi.

Makala tunayoijua haimo kwenye matokeo

Hii ni dalili nzuri kuliko zote, na ningependa kila mtafiti aje nayo. Makala inayojulikana ikikosekana, inakuonyesha tundu lilipo. Kwa hiyo usisubiri ikosekane kwa bahati. Mwanzoni kabisa omba makala tano hadi kumi ambazo lazima zipatikane, uzitumie kama kipimo. Zisitoke zote kwa mwandishi mmoja wala kwa mtafiti peke yake. Chukua nyingine kutoka kwenye rejea za mapitio ya zamani, la sivyo utapima mkakati kwa macho ya aliyeuandika.

Namna ya kutafuta tundu: chukua namba ya PubMed ya makala iliyokosekana, iunganishe kwa AND na mstari wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mstari utakaorudisha sifuri ndio uliomfukuza mgeni. Baada ya hapo fungua rekodi yenyewe usome kichwa, ikisiri na MeSH.

Utakachokikuta mara nyingi ni tahajia na visawe. Chandarua kimoja huandikwa bed net, bednet, bed-net, au kwa vifupisho ITN na LLIN. Dawa ile ile ni sulfadoxine kwa Wamarekani na sulphadoxine kwa Waingereza, na wengi kwetu hufuata Waingereza. Upungufu wa damu ni anemia na anaemia. Halafu kuna mitego ambayo hakuna mtu angeibahatisha: ukitafuta SP kwenye kamusi ya MeSH utaikuta chini ya jina "fanasil, pyrimethamine drug combination", nalo si kichwa cha mada kamili bali ni dhana ya nyongeza, yenye lebo ya [nm]. Fanasil ni jina la kibiashara la zamani la sulfadoxine. Mkutubi akifungua kamusi na kumwonyesha mtafiti jambo hili moja, heshima ya maktaba hupanda siku hiyo hiyo.

Majina ya nchi nayo yanataka subira. Makala za mwaka 1971 hadi 1997 zitaiita Kongo ya Kinshasa kwa jina la Zaire. Eswatini ilikuwa Swaziland hadi mwaka 2018. Makala ya Unguja au Pemba inaweza kuandika Zanzibar tu bila kuitaja Tanzania. Nyingine hutaja wilaya peke yake, na hapo lebo ya MeSH ndiyo mkombozi, mradi makala iwe imeshawekewa. Kwa ukanda mzima, "Africa, Eastern" ikitanuliwa inazikusanya Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao. Lakini usiitegemee peke yake. MeSH na maneno ya kawaida viende pamoja kwa OR, kila dhana.

Kama rekodi haimo PubMed kabisa, hujakosea popote. Umetafuta duka lisilo na bidhaa hiyo. Majarida mengi ya Afrika hayamo humo. Nenda African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998 na sasa iko Afrika Kusini, na African Index Medicus, inayopatikana kupitia Global Index Medicus ya Shirika la Afya Duniani. Mapitio kuhusu wajawazito wa Afrika Mashariki yasiyogusa sehemu hizi mbili yana kasoro, hata yakitoka kwenye chuo chenye hifadhidata zote za kulipia.

Ukiziba tundu na makala bado hazitoki, mpe mkutubi mwingine mkakati wako. Kuna mwongozo wa PRESS wa mwaka 2015 kwa kazi hiyo hiyo. Unakagua mambo sita: namna swali lilivyogeuzwa kuwa mkakati, viunganishi, vichwa vya mada, maneno ya kawaida, makosa ya kuandika na namba za mistari, na vichujio. Kama uko peke yako kwenye maktaba, tafuta mwenzako kupitia miungano ya maktaba, COTUL kwa Tanzania au KLISC kwa Kenya. Fanya hivyo kabla ya mchujo kuanza. Mkakati ukigundulika mbovu wakati watu wameshachuja rejea elfu mbili, kila mtu atakuwa na hasira na wewe.

Mkakati uliofanya kazi PubMed unakataa kwingine

Chanzo ni kimoja: umenakiliwa kama ulivyo. Kila hifadhidata ina lugha yake. [tiab] ya PubMed ni .ti,ab. kule Ovid, TITLE-ABS-KEY kule Scopus (hii inaongeza na maneno muhimu), na TS= kwenye Web of Science. MeSH haimo Embase, ambayo ina vichwa vyake viitwavyo Emtree, na CINAHL nayo ina vyake. Kwa hiyo mistari ya vichwa vya mada haitafsiriwi kwa kubadilisha lebo. Inatafutwa upya kwenye kamusi ya kila hifadhidata.

Programu ya bure ya Polyglot, kutoka Chuo Kikuu cha Bond kule Australia, hubadilisha lebo na viunganishi kwa sekunde, nami naipendekeza kwa hatua ya kwanza. Vichwa vya mada itakuachia mwenyewe.

Hitilafu ya ndani zaidi ni ya umbali kati ya maneno, kwa sababu haitoi ujumbe wowote wa kosa. Ovid ukiandika adj3 inaruhusu maneno mawili katikati. PubMed ukiandika [tiab:~3] inaruhusu matatu. Namba ni ile ile, matokeo ni tofauti.

Na kama taasisi haina Embase? Taasisi nyingi za kwetu hazina. Mwombe mtafiti atafute mwandishi mwenza aliye kwenye chuo chenye usajili, atakayeendesha mkakati utakaomwandalia na kuleta faili. Ikishindikana, itajwe wazi kama mapungufu ya utafiti. Kutumia nywila ya rafiki wa chuo kingine ni kuvunja mkataba wa chuo hicho, na mkutubi hapaswi kuwa shahidi wa hilo.

Google Scholar huletwa kama mbadala. Haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikidai imepata laki moja, na mpangilio wake hauwezi kurudiwa na mtu mwingine. Itumie kwa kuongezea: tazama kurasa za mwanzo, uandike umeishia wapi na tarehe gani.

Rejea zinajirudia hata baada ya kusafishwa

Programu za kutunza na kuchuja rejea, Zotero, EndNote, Mendeley na Rayyan, zote zina kitufe cha kutafuta rejea zinazojirudia, na watafiti hukibonyeza mara moja kisha wakaamini. Makala moja hutoka PubMed ikiwa na jina la jarida kwa kifupi na kurasa 123-9. Scopus inaileta kwa jina refu na kurasa 123-129. Ya tatu haina DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Programu inaziona ni makala tatu. Panga orodha kwa kichwa cha makala uitembelee kwa macho, kisha kwa mwandishi na mwaka. Inachosha, lakini rejea zilizobaki huwa chache.

Hatari kubwa iko upande wa pili: kufuta visivyo pacha. Ikisiri ya mkutano na makala kamili iliyofuata si kitu kimoja. Andiko la awali ambalo halijapitiwa na wahakiki na lile lililochapishwa jaridani si kitu kimoja pia. Jaribio moja la vyandarua linaweza kuzaa makala tatu, moja ya uzito wa mtoto, moja ya upungufu wa damu, moja ya gharama. Hizo ni ripoti tatu za utafiti mmoja. Zote zibaki hadi hatua ya makala kamili, kisha ziunganishwe.

Hifadhi faili ghafi la kila hifadhidata kabla ya kuunganisha chochote. Ukifuta kwa pupa, utarudi hapo. PubMed haitoi zaidi ya rejea 10,000 kwa mara moja. Ukizidisha, gawa kwa miaka na ujumlishe ili uhakikishe hakuna mwaka uliodondoka njiani.

Namba za mchoro wa PRISMA hazijumliki

Mchoro wa PRISMA huonyesha rejea ngapi ziliingia na ngapi zilitoka kila hatua. Simu hii huja usiku wa kuamkia kuwasilisha. Tuseme mtafiti ana rejea 1,212 za PubMed, 1,530 za Scopus na 158 za maktaba ya Cochrane. Jumla 2,900. Zilizojirudia 1,040, zinabaki 1,860 za kuchuja. Zilizoondolewa kwa kichwa na ikisiri 1,742, zinabaki 118 za kutafutiwa makala kamili. Saba hazikupatikana, zilizosomwa ni 111. Zilizoondolewa kwa sababu zilizotajwa 80, zinabaki 31. Halafu kwenye sura ya matokeo anaandika tafiti 27, na msimamizi anauliza nne zimekwenda wapi.

Hazijaenda popote. Ripoti ni 31, tafiti ni 27, kwa sababu baadhi ya tafiti zina ripoti zaidi ya moja. PRISMA 2020 inatenganisha rekodi, ripoti na utafiti, na kisanduku cha mwisho kina nafasi ya namba zote mbili. Nimeona watu wakibadilisha namba za juu ili zifanane na za chini, na hapo ndipo kosa la hesabu linapogeuka kuwa udanganyifu.

Vyanzo vingine: makala zilizopatikana kwa kupekua orodha za rejea zimeingizwa kwenye safu ya hifadhidata badala ya safu yake, utafutaji ulirudiwa baadaye na namba mpya zikachanganywa na za zamani, au mchujaji mmoja alifuta rekodi badala ya kuiwekea alama. Rudi kwenye faili ghafi, hesabu kutoka juu. Kama faili ghafi hazipo, simama. Hakuna namna ya kukarabati namba hizo kwa uaminifu. Utafutaji urudiwe na tarehe mpya iandikwe.

Makala kamili hazifunguki

Anza na rahisi: je, mtafiti ameingia kupitia lango la taasisi, au amebofya kutoka Google moja kwa moja? Hinari, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya afya, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani na wachapishaji mwaka 2002 na sasa ni sehemu ya Research4Life, humtambua msomaji kupitia akaunti ya taasisi. Akifika kwenye tovuti ya mchapishaji kwa njia nyingine ataonyeshwa bei ya dola. Taasisi za umma na zisizo za kibiashara za Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye kundi lisilolipa, kwa hiyo kama chuo chako hakijasajiliwa, kazi ya leo ni hiyo.

Kama ameingia vizuri na bado, huenda mchapishaji huyo hajaifungulia nchi yako jarida hilo. Jaribu Unpaywall, inayotafuta nakala halali za bure, na hazina ya machapisho ya chuo cha mwandishi, kisha mwandikie mwandishi mwenyewe barua pepe fupi ya adabu. Wengi hujibu. Isipopatikana kabisa, iingie kwenye kisanduku cha zisizopatikana. Tovuti za uharamia usizielekeze wala usizitaje kwenye mafunzo.

Onyo: mtafiti asipakue mamia ya makala kwa programu ya kujiendesha. Mchapishaji akigundua hufunga taasisi nzima. Ikitokea, usijaribu kuzunguka kizuizi; mwite msimamizi wa rasilimali za kielektroniki awasiliane na mchapishaji.

Wachujaji wawili hawakubaliani

Vigezo vya kujumuisha vina utata. Wape rejea hamsini zile zile, kila mmoja achuje peke yake, kisha wakae pamoja wajadili kila tofauti na kuandika kigezo upya. "Wajawazito" ni pamoja na waliojifungua juzi? Wilaya moja au nchi nzima? Kazi ya mkutubi ni kuandaa zoezi na kuhakikisha kwenye Rayyan hawaoni maamuzi ya wenzao. Kuamua nani yuko sahihi ni kazi ya mtu wa tatu anayeijua fani.

Rejea zinasomeka vizuri lakini hazipo popote

Zimetoka kwenye programu ya akili unde. Dalili ni DOI inayofungua makala nyingine, au jarida la kweli lenye toleo lisilokuwapo. Programu hizo hubuni hata vichwa vya MeSH, kwa Kiingereza kizuri kabisa. Zinafaa kupendekeza visawe, basi. Kila neno likaguliwe kwenye kamusi kabla ya kuingia kwenye mkakati. Mtafiti akiwa ameshazichanganya na rejea halali, kagua moja moja au anza upya kutoka kwenye faili ghafi.

Ukiwa hapo, kagua na makala zilizobatilishwa. Zotero huziwekea onyo, na hifadhidata ya Retraction Watch, iliyo chini ya Crossref, shirika linalosajili DOI, tangu mwaka 2023, ni ya bure.

Mhakiki wa jarida anasema utafutaji hauwezi kurudiwa

Kwa kawaida makala imeandika "tulitafuta PubMed na Scopus kwa maneno malaria, pregnancy na nets", basi. Kinachotakiwa ni mkakati kamili wa kila hifadhidata, mstari kwa mstari, pamoja na jukwaa lililotumika, tarehe, vichujio na idadi ya matokeo. PRISMA-S ya mwaka 2021, mwongozo wa kuripoti utafutaji, ina vipengele 16 vya kufuata. Ukiwa umehifadhi nakala kama nilivyosema mwanzoni, kazi hii ni ya nusu saa.

Akisema utafutaji umezeeka, ana haki. Cochrane, shirika la mapitio ya kimfumo ya afya, hutaka uwe umerudiwa ndani ya miezi 12 kabla ya kuchapishwa. Endesha mkakati ule ule bila kuuboresha, ondoa zilizoonwa tayari, wape wachujaji mpya tu.

Akiuliza namba ya PROSPERO na haipo, usikimbilie kusajili. Rejista hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha York, ni ya itifaki za kazi ambayo haijafanyika. Mapitio yakishakamilika, mtafiti aseme ukweli kwamba hayakusajiliwa. Mapitio ya upeo nayo hayapokelewi huko.

Akiuliza kuhusu uchambuzi wa pamoja wa takwimu, au kwa nini tafiti zinatofautiana mno, mwite mtakwimu siku hiyo hiyo. Hapo mkutubi ametoka kwenye eneo lake.

Umefanya kazi miezi mitatu, jina lako halipo

Mazungumzo haya yafanyike kwenye kikao cha kwanza, yakiwa bado mepesi. Vigezo vya uandishi vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni vinne: mchango wa maana kwenye kubuni kazi au kupata na kuchambua data, kushiriki kuandika au kuhakiki andiko, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mkutubi aliyejenga mkakati, akauendesha na akaandika sehemu ya utafutaji anavifikia akipewa andiko alisome na kuliidhinisha. Aliyeonyesha namna ya kuingia Hinari anastahili shukrani mwishoni, si uandishi.

Weka ngazi hizo kwenye fomu ya maombi ya maktaba: ushauri wa saa moja, ukaguzi wa mkakati, au ushirika kamili. Mtafiti achague na kutia saini. Profesa atakayesema fomu ni urasimu, mwambie kwa heshima kwamba bila fomu unaweza kumpa ile saa moja ya ushauri.

Na kama baada ya kuendesha utafutaji mtafiti anataka uondoe mstari fulani ili tafiti zinazompinga zisionekane, kataa kwa maandishi, hifadhi toleo la awali na tarehe yake, na mwombe jina lako litolewe. Akisisitiza, jambo liende kwa msimamizi wake au kamati ya maadili ya utafiti ya chuo.